Njia Inayozama Mara Mbili kwa Siku

Chukua tangazo lolote la safari ya kutembea ufuoni ndani ya hifadhi ya taifa, liwe la Afrika Kusini, la Australia au la huku kwetu, ulisome taratibu. Siku nne, usiku tatu. Mwongozaji mwenye uzoefu. Mzigo wako unabebwa. Wewe unatembea na chupa ya maji na kamera. Chakula cha jioni kinakungoja kambini. Halafu, karibu kabisa na bei, unalikuta lile neno: ufuo "usioguswa".

Nina ugomvi na neno hilo. Kutembea kwenyewe sina neno nako, hata kidogo. Naamini kutembea ndiyo njia bora ya kuijua Pwani, kuliko mashua yenye sakafu ya kioo na kuliko matatu ya Mombasa–Malindi inayokupitisha kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kwa kasi ambayo hata tumbili huoni. Naamini pia kwamba safari ya siku kadhaa, yenye mwongozaji, yenye watu wachache, ingeweza kuwaletea watu wa Kilifi, Kwale na Lamu riziki yenye heshima. Ila ikiuzwa kwa neno "usioguswa", biashara imeanza kwa uongo, na uongo huo una wenye kuulipia. Hao si watalii.

Hebu tuchore safari yenyewe, tuone.

Siku ya kwanza uanzie msituni, Arabuko-Sokoke. Ni kama kilomita 420 za mraba, kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Ndani yake anaishi yule bundi mdogo wa Sokoke ambaye wapenzi wa ndege huvuka bahari kuja kumwona. Ukitoka msituni unaingia Gede, mji wa mawe wa Waswahili ulioachwa katika karne ya 17, wenye msikiti, jumba la mtawala, visima, na vigae vya vyombo vilivyotoka China. Siku ya pili unashuka hori la Mida, kwenye mikoko: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, mlilana, mkomafi. Siku ya tatu unatoka Watamu na kuufuata ufuo kuelekea kaskazini hadi Mayungu. Siku ya nne unapita Casuarina na kuingia Malindi, penye ule mnara wa Vasco da Gama ambao kila mtoto wa shule amepigwa picha chini yake. Sehemu kubwa ya njia hiyo, upande wa bahari, iko ndani au kandokando ya Hifadhi za Bahari za Watamu na Malindi, zilizotangazwa mwaka 1968.

Safari nzuri, sivyo? Sasa niambie ni wapi humo hapajaguswa.

Msitu uliishi na Wawata waliokuwa wakiwinda na kuvuna asali, na hadi leo vijiji vinavyouzunguka vinaokota kuni pale na kufuga nyuki. Gede ni mji, kwa hiyo wacha tusiongee habari za kuguswa. Mikoko ya pwani hii imekatwa na kuuzwa kwa mamia ya miaka. Maboriti yake yalipakiwa majahazini hadi Oman na Ghuba, yakaezekea nyumba za watu ambao hawajawahi kuiona Mida. Ufuo wa Mayungu ni wa wavuvi. Kila jiwe la mwamba pale lina jina, kila mlango wa bahari una jina, na kila jina lina sababu. Mtu anayeita mahali kama hapo "hapajaguswa" hajauliza swali hata moja. Ama ameuliza, akajibiwa, na jibu halikumfaa kwenye tangazo.

Zaidi ya hapo, utupu wa ardhi ya Pwani mara nyingine ulitengenezwa kwa amri. Mwaka 1914 serikali ya mkoloni iliwaamuru Wagiriama wahame ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, ikachoma nyumba, ikalipua Kaya Fungo kwa baruti. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikuwa wamepelekwa uhamishoni Kisii. Wakatoroka, wakarudi Pwani kwa miguu. Kama kuna safari ya kutembea katika historia ya nchi hii inayostahili kusimuliwa kila jioni kambini, ni hiyo. Haikuwa na mwongozaji wala mbeba mizigo, na walioifanya walikuwa wakirudi kwao. Basi mtu asimame leo kaskazini ya Sabaki, aone vichaka na matuta ya mchanga, aseme "tazameni, hapajaguswa"? Paliguswa, tena kwa moto.

Nasisitiza neno moja hivi kwa sababu neno huandaa sheria. Mahali pakishaitwa patupu, anayeonekana pale anakuwa mvamizi. Mvuvi anayepita na nyavu zake anakuwa "usumbufu kwa wageni". Mama anayechota chaza wakati wa maji kupwa anakuwa "tishio kwa mazingira". Kijana anayejua kila jiwe la ufuo anaitwa bichi boi na kufukuzwa na askari wa hoteli. Baadaye anakuja mtu mwenye kofia pana na redio ya mkononi, amejifunza ufuo huohuo kwa miezi sita, naye anaitwa mtaalamu.

*

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo penye kichekesho.

Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaorodhesha ardhi ya umma. Ndani ya orodha hiyo imo ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Yaani ule mchanga unaolowa na kukauka ni wetu sote. Hakuna hoteli inayoumiliki, hakuna tajiri, hakuna ubalozi. Mkenya yeyote anaweza kusimama pale kwa kiburi chote.

Vizuri. Lakini fikiria kidogo. Ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi gani? Ni ardhi ambayo bahari huifunika mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita tatu. Maji yakijaa hivyo na nyuma yako pana ukuta wa mawe uliojengwa hadi kwenye mchanga, haki yako ya kikatiba iko chini ya maji. Utembee wapi? Juu ya ukuta pana vipande vya chupa. Nyuma ya ukuta pana bustani na mbwa. Mbele yako pana mawimbi. Una njia, naam, lakini ni njia inayozama mara mbili kila siku, na kila siku inachelewa karibu dakika 50 kuliko jana.

Mvuvi analijua hili tangu utotoni. Anajua akitoka saa fulani atapita, akichelewa atangoja. Anajua tofauti ya bamvua na maji mafu, anajua kusi na kaskazi, anajua mchanga wa mwezi huu si wa mwezi ule. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kuijua bahari na kulazimishwa na ukuta. Zamani maji yakijaa alipita juu, chini ya minazi na mivinje. Hiyo njia ya juu ndiyo iliyomezwa, ploti moja baada ya nyingine. Kila mwenye ploti alisogeza mbele kidogo tu, na vikijumlishwa hivyo vidogo, njia haipo. Vile vichochoro vya kushukia ufuoni vilivyoachwa kwenye ramani, nenda ukaviangalie: kimoja kina geti, kingine kimekuwa maegesho ya magari, cha tatu kimepandwa maua.

Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kuanzisha safari ya siku nne ya kutembea ufuoni, swali langu la kwanza si bei wala idadi ya wageni. Namuuliza: maji yakijaa, wageni wako watapita wapi? Akisema "tutaongea na hoteli zitufungulie", basi tumeelewana. Wageni wake watafunguliwa. Mvuvi wa Mayungu hatafunguliwa. Kilichokuwa njia ya kila mtu kimegeuka ruhusa, na ruhusa hiyo imewekwa ndani ya bei ya safari. Mwenyeji ameuziwa njia yake mwenyewe, tena kwa bei asiyoimudu.

*

Wapo watakaosema nataka yasiyowezekana. Ati nchi yenye mahoteli na mashamba ya watu binafsi haiwezi kuwa na njia ya umma kando ya bahari. Basi twende Wales.

Hifadhi ya Taifa ya Pwani ya Pembrokeshire ilitangazwa mwaka 1952. Njia yake ya miguu ilifunguliwa mwaka 1970, kama kilomita 299, ikipita juu ya majabali, katikati ya mashamba ya ng'ombe, kupitia vijijini na bandarini. Ndani ya hifadhi hiyo watu wanaishi, wanalima, wanakunywa chai. Hakuna aliyehamishwa ili mtembeaji aone upweke. Mwaka 2012 Wales ikaunganisha pwani yake yote kwa njia moja, kama kilomita 1,400. England nayo ikatunga sheria mwaka 2009 ya kuwapa watu njia kuzunguka pwani nzima, na sheria hiyo ina jambo moja ambalo ningependa lifike Kilifi kesho asubuhi: bahari ikimega ardhi, njia inaweza kusogezwa nyuma. Haizami. Inarudi nyuma pamoja na ufuo.

Sikuleta Wales hapa ili tuwasifu wazungu. Waingereza haohao ndio waliochoma nyumba za Wagiriama, tumeshasema. Nimeileta kwa sababu ya mpangilio. Kule njia ilitangulia, biashara ikafuata. Leo kampuni zinauza safari zenye mwongozaji, mizigo inabebwa, kitanda kinatandikwa, na mwenye pesa zake analipa. Lakini palepale, kwenye njia ileile, mwanafunzi asiye na senti anapita bure na mkate mfukoni. Kampuni inauza huduma. Njia haiuzi, maana si yake. Hilo tu ndilo ninalolidai, na limewezekana mahali ambapo ardhi ina wenyewe kila inchi.

Sasa twende Afrika Kusini tuone upande wa pili.

Mwaka uleule wa 1968, wakati sisi tunatangaza Watamu na Malindi, ilifunguliwa njia maarufu ya Otter katika Hifadhi ya Tsitsikamma: siku tano kando ya bahari, watembeaji 12 tu kuanza kwa siku, nafasi zinakatwa mapema mno. Njia nzuri ajabu. Mtu anavuka mito kwa kuangalia jedwali la maji, na kwenye mto Bloukrans akikosea saa, anaogelea. Lakini ilizaliwa chini ya ubaguzi wa rangi, na jamii za wavuvi zilizoizunguka zikajikuta upande usio sahihi wa ua. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2016 serikali iwafungulie wenyeji baadhi ya sehemu za bahari ya Tsitsikamma wavue kwa masharti.

Kaskazini zaidi, kwenye pwani ya Eastern Cape, iko hifadhi ya Dwesa-Cwebe. Watu walihamishwa. Mwaka 2001, baada ya ubaguzi kuanguka, walirudishiwa hati ya ardhi yao kwa makubaliano kwamba ibaki hifadhi. Wakakubali. Lakini kuvua wakakatazwa. Mwaka 2010 wavuvi wa hapo wakakamatwa wakienda kuvua mahali walipovua babu zao. Walishtakiwa, wakahukumiwa, wakakata rufaa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Rufaa ya nchi hiyo ikaamua kwamba haki yao ya kimila ya kuvua haikufutwa na sheria ya uvuvi. Miaka minane ya kesi ili mtu aruhusiwe kushuka kwenye bahari yake mwenyewe.

Hivyo ndivyo inavyokuwa ukianza na ua halafu ukatafuta haki baadaye. Sisi bado tuna nafasi ya kuanza na haki. Au niseme, tuna nafasi inayopungua kila ukuta mpya unapojengwa.

*

Nazisikia hoja za upande wa pili, na nitazijibu moja moja.

Ya kwanza: hifadhi inahitaji kulindwa, na watu wengi wataharibu. Kweli kabisa, hifadhi inahitaji kulindwa. Ndani ya hifadhi za bahari za Watamu na Malindi hakuna kuvua, na yeyote aliyetia kichwa majini pale ameona samaki walivyo wengi na wakubwa kuliko nje. Sitaki hilo livunjwe. Lakini tuwe wakweli kuhusu nani amelipa gharama. Mvuvi ndiye aliyetoka kwenye maji hayo ili samaki wapone. Ndiye ambaye, akinasa kasa, anaitwa amrudishe. Na Watamu wavuvi wamekuwa wakishirikiana na wahifadhi miaka mingi kuwarudisha kasa baharini badala ya kuwachinja. Mtu aliyejinyima namna hiyo ni mshirika. Ukitaka kupunguza msongamano, weka idadi, kama wanavyofanya Otter. Weka kwa watembeaji wa kambini. Usiweke kwa mtu anayekwenda kazini.

Ya pili: Wakenya hawatembei, hii ni biashara ya wageni. Wee! Wakenya wasiotembea ni wapi? Kila Jumamosi Ngong na Longonot zinajaa vijana wa Nairobi wenye viatu vipya na simu zilizochajiwa. Kuna vikundi vya kupanda milima kila mtaa. Kinachowazuia kuja kutembea Pwani ni kwamba hakuna aliyewaonyesha kwamba Pwani inatembelewa kwa miguu. Wamefundishwa Pwani ni kitanda cha kuotea jua na bwawa la kuogelea mita ishirini kutoka baharini. Na mtoto wa Msabaha au Dabaso anatembea kilomita kwenda shule kila siku. Tusimwambie hajui kutembea kwa sababu hana begi lenye chapa.

Ya tatu: kuta zipo kwa ajili ya usalama. Nakubali mtu ana haki ya kulinda nyumba yake. Alinde nyumba. Ufuo si nyumba yake. Tena mahali salama zaidi ni mahali penye watu wanaopita, wanaojuana, wanaoulizana habari. Ufuo uliofungwa pande zote, wenye kipande kimoja cheusi kati ya kuta mbili, ndio unaomtisha mtembeaji.

Ya nne ndiyo wanayoipenda zaidi: tuanze kwanza, haki zitafuata, la sivyo hakuna mwekezaji atakayekuja. Hii nimeshaijibu kwa Dwesa-Cwebe. Haki hazifuati zenyewe. Zinafuata mahakamani, kwa nauli ya mvuvi.

*

Nisiishie kulaumu. Mifano ya kufanya vizuri ipo hapahapa, wala haikuhitaji mtaalamu atoke mbali.

Nenda Mida. Kuna daraja la mbao linalokupitisha juu ya matope na mikoko, na pesa ya kiingilio inasaidia kulipia karo watoto wa familia zinazouzunguka msitu na hori. Nenda Dabaso, kikundi cha wenyeji kinafuga kaa, kinapanda mikoko, na kina mkahawa juu ya maji ambapo utakula ukitazama jua likizama. Nenda Gede, mradi wa Kipepeo tangu mwaka 1993 umekuwa ukinunua pupa wa vipepeo kutoka kwa wakulima wanaoishi kando ya Arabuko-Sokoke, ili msitu uwe na thamani kwa jirani yake ukiwa umesimama. Shuka hadi Gazi, Kwale, kina mama wana daraja lao la mikokoni, na wao ndio wanaokuongoza. Watakueleza mti gani ni wa boriti na upi ni wa dawa, nawe utawalipa wao, mkononi.

Sehemu zote nne zinafanana kwa jambo moja: anayesimulia mahali ndiye anayeishi pale. Unganisha vituo hivyo vya Mida, Dabaso na Gede kwa njia ya miguu, ongeza Mayungu na Malindi, na safari yako ya siku nne imekamilika. Vitanda viwe kwa wenyeji. Samaki anunuliwe kwa mvuvi aliyemvua, nje ya mpaka wa hifadhi, asubuhi hiyohiyo. Mwongozaji awe mtoto wa hapo, na asiwe kibarua wa kuitwa msimu wa kaskazi na kusahauliwa kusi likivuma.

Maana tuzungumze kuhusu huyu mwongozaji. Kazi ya kuongoza watu ufuoni siku nne si kubeba bendera mbele. Anapanga saa ya kuondoka kwa kuhesabu mwezi. Akitazama rangi ya maji, anajua kama kivuko cha hori kitapitika kabla ya saa sita. Anajua wapi pana nungu wa baharini wa kumchoma mtu mguu, na wapi mwamba una makali ya kukata kiatu. Anajua mzee gani wa kusalimiwa kabla ya kupita, na kaya gani haiingiwi bila ruhusa, na ikiingiwa, kwa mavazi gani. Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na Kifungu cha 63 cha Katiba kinataja maeneo matakatifu miongoni mwa ardhi za jamii. Dunia na Katiba zimeshakubali kwamba pale pana wenyewe. Mwongozaji ndiye anayewakilisha hao wenyewe mbele ya mgeni. Huo ni ujuzi wa maisha, na ulipwe kama ujuzi, uandikwe kwenye mkataba, utajwe kwenye tangazo kwa jina la mwenye nao.

Kwa hiyo, wewe msomaji, siku mtu atakapokuuzia safari kama hii, usimuulize tu kama kuna maji moto kambini. Muulize manne. Maji yakijaa tunapita wapi, na je, mwenyeji asiyelipa anaruhusiwa kupita hapohapo? Mwongozaji anatoka kijiji gani, na katika kila shilingi elfu ninayolipa yeye anapata ngapi? Tutalala kwenye ardhi ya nani, na alikubali nani? Wavuvi wa ufuo huu waliulizwa, au waliarifiwa? Kuulizwa na kuarifiwa si kitu kimoja, na kamati yoyote ya wavuvi itakueleza tofauti yake, tena kwa hasira.

Akishindwa kujibu, weka pesa zako mfukoni. Panda matatu hadi Gede, tafuta mwenyeji, elewaneni bei, mtembee. Usingoje kampuni.

Na nyinyi mlio serikalini, Kaunti na Nairobi, kazi yenu ni moja, na haina haja ya kongamano hotelini. Chukueni ramani za zamani za upimaji. Pimeni upya kila kichochoro cha kushukia ufuoni, mkifungue, mkiandike jina. Halafu chorani ukanda wa njia ya miguu juu ya alama ya maji kujaa, kutoka Mida hadi Malindi kwa kuanzia, na muuandike kisheria kwamba bahari ikisogea, njia nayo inasogea. Ukuta uliojengwa juu yake ubomolewe, awe mwenyewe ni nani. Nyumba za wanyonge mmezibomoa mara nyingi. Kubomoa mnakujua vizuri.

Hilo likishafanyika, karibuni na matangazo yenu, na kofia zenu pana, na mizigo inayobebwa. Uzeni siku nne, uzeni hata kumi. Sisi wengine tutapita palepale na nyavu, na vitabu vya shule, na watoto mgongoni, maji yakiwa yamejaa, tukiwasalimu. Mtatuitikia, kwa sababu mtakuwa wageni wetu, kwenye njia yetu.